Geti Lako Lilivyokwenda kwa Mtani

Baba Hamisi,

Sitakuuliza hali yako. Hali yako naijua, nilikuwepo walipokufunika shuka, na tangu siku hiyo sijasikia kwamba umeamka. Wengine wakiandika barua huanza kuuliza habari za huko. Mimi habari za huko sizitaki bado. Nina za huku, na nataka uzisikie kwangu kabla hajafika mtu mwingine akakupa za kwake, maana wamekufuata wengi kutoka mtaa huu, na watu wa Kisarawe unawajua wanavyopenda kuwahi na maneno.

Geti lako halipo kama ulivyoliacha.

Tulia. Usianze kile kikohozi chako cha hasira. Nitakueleza lote kwa mwandiko wangu huuhuu wa kisomo cha watu wazima, uliokuwa ukisema herufi zake zinalala kama mbuzi kivulini. Zilale. Zitafika.

Kwanza nikukumbushe tulivyolipata, maana ulikuwa na tabia ya kulisimulia kwa kujipendelea. Uliwaambia watu ulipewa kwa heshima. Heshima gani? Ulipewa kwa usumbufu. Ile nyumba ya ghorofa ya mfanyabiashara wa zamani, ambayo wazee walisema ilijengwa enzi za Mjerumani, ilipoanza kumeguka na wenyewe wakaamua kuibomoa, wewe mhunzi ulihamia pale. Asubuhi uko pale, jioni uko pale, unapapasa vyuma kama mtu anayechagua ng'ombe. Mpaka wakakuambia, "Mzee, lichukue hilo geti, utuache tubomoe kwa amani." Kingo za roshani hukuziwahi. Zile nzuri, zenye mikunjo kama mikonga ya tembo, vijana walishazikata wakatengenezea majiko ya kuchomea nyama. Nilikukuta umesimama mbele ya jiko moja, mishikaki inageuzwa juu ya kazi ya mtu, na wewe umekataa kula. Wewe, ukatae mishikaki! Hapo ndipo nilipojua kwamba huu sasa ni ugonjwa.

Ukaja nalo kwenye mkokoteni, mabawa mawili marefu kuliko mlango wa nyumba yetu. Na nyumba yetu wakati huo ilikuwa nini? Miti na udongo, makuti yanavuja, ua wa minyaa wenye mapengo ambayo hata ng'ombe angepita bila kuinamisha pembe. Mbele ya hiyo nyumba ukasimamisha geti la bwana mkubwa. Nilicheka, nikakasirika, nikacheka tena. Majirani wakawa wanapita wanauliza, "Mama Hamisi, sultani ameamka?" Nawajibu ameamka, yuko chooni.

Na ukatoa amri. Kwangu watu wanapita getini! Pengo liko hapo, pana, kuku wanapita, mbuzi wanapita, lakini mtu akikanyaga penye pengo unamrudisha azunguke. Watu wakazoea. Hata yule mwizi wa kuku wangu wa madoadoa alipita getini, akafunga nyuma yake. Ulivyoona alama za miguu yake ukasema, "Angalau ana adabu." Sijakusamehe kwa maneno hayo, kuku alikuwa wangu.

Unakumbuka ulivyonionyesha lilivyotengenezwa? Nilikuwa nakugombeza, lakini nilikuwa nasikiliza. Ulisema, tazama, hakuna mahali pamechomelewa. Ncha ya chuma hiki imepita kwenye tundu la kile, ikagongwa kichwa, ikabaki huko. Na mikunjo inapokutana, fundi alizungushia kifungo cha chuma kikiwa chekundu, kikapoa, kikabana. "Vinashikana kwa kukumbatiana, Mama Hamisi." Nikakujibu, basi panda juu ukakumbatie makuti, mvua hiyo inakuja.

Ukanishika kidole ukakipitisha kwenye alama za nyundo. Zote zilikuwa zimelalia upande mmoja. Ukasema huyu fundi alikuwa wa mkono wa kushoto, na si Mjerumani wala nani, ni mtu wa pwani hii hii aliyeonyeshwa picha akaambiwa fua. Jina lake hakuna anayelijua. Nyumba ilikuwa na jina la tajiri, yeye hana hata kibao. Kwa hiyo kila ulipolipaka mafuta ulimwamkia kwanza: "Shikamoo, fundi." Majirani wakaniuliza kama umeanza kurukwa na akili. Niliwaambia hajaanza leo.

Kule juu bawa la kulia kulikuwa na ua limevunjika. Maua yale ya kizungu huyajui, umeyaona kwenye vyuma tu, ukahangaika nayo ukashindwa. Mwisho ukafua bibo. Bibo zima, limejaa, na korosho yake inaning'inia chini. Mimi ndiye niliyevuta mifuo siku ile, tumbo la kitinda mimba liko mbele yangu, moshi machoni, na wewe unafoka, "Vuta, vuta, chuma kinalala!" Watu walisifia bibo la Mzee. Mzee peke yake? Upepo ulitoka wapi?

Haya. Sasa nikuambie kitu ambacho hukuwahi kukisikia ukiwa hai, maana ningekuambia ungevimba kichwa. Geti lile lilikuwa zuri kwa sababu lilifunga bila kuficha. Nikikaa kibarazani nachambua mchicha, namwona mtu tangu anapotokea kwenye kona. Namwona kama ana habari mbaya au ana njaa. Tunaamkiana yeye bado yuko nje, mimi bado nimekaa. Wanetu wote wa kike waliposwa kupitia pale, na kabla wageni hawajabisha hodi nilikuwa nimeshawatathmini wote, yupi mwoga, yupi kaazima kanzu. Jioni jua likiwa chini, kivuli cha mikunjo kilikuwa kinaingia mpaka miguuni kwangu, uani kote kunakuwa kama kumepigwa hina. Nilikuwa sifagii saa hiyo. Ulidhani ni uvivu.

Sasa tuje kwa Masanja.

Mtani wako Masanja, Msukuma wa ng'ombe, uliyeniletea mwenyewe. Usisahau tulivyojuana naye. Ng'ombe wake walikula mihogo yangu yote, nikamfuata na mpini wa jembe, akaniambia, "Mtani, wameonja wakasema haina chumvi." Nifanye nini? Mzaramo na Msukuma ni watani, na mtani hakasirikiwi. Nikarudi na mpini wangu. Kesho yake ukaanza kumfulia kengele za ng'ombe, mkawa mnakaa karakana siku nzima mnatukanana kwa furaha. Yeye akisema Mzaramo akivuna korosho anaoa na zikiisha anaacha, wewe unamjibu kwamba Msukuma akiota ndoto anaota ng'ombe akinya.

Siku ya kukuzika alikufanyia kazi yako yote. Alivaa kofia yako, akachukua nyundo yako, akatembea uani kwa ule mwendo wako wa kuburuza mguu, anakohoa, anagonga kila kinachomjia mbele, sufuria, ndoo, kiti cha mjomba. "Hiki si chuma, hili ni bati! Nani kaniletea bati?" Nilikuwa nimejifunika ndani na wanawake, nikacheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sijui kipi kilitangulia. Ndiyo kazi ya mtani. Aliifanya vizuri kuliko alivyochunga ng'ombe wake kwenye mihogo yangu.

Ikaja arobaini yako. Hitima imesomwa, wali umeliwa, Masanja akasimama na sahani akalalamika kwamba amepewa mfupa umeshatafunwa. Watu wakacheka. Akasema, basi, nachukua fidia. Wewe desturi unaijua. Mtani akichukua kitu msibani, wenye msiba wanamkimbilia kabla hajatoka uani, wanambembeleza kwa kuku au kwa sahani ya pili, wanamtukana kidogo, anarudisha, mambo yamekwisha. Akaenda getini na wanawe. Geti lako halifungwi na kitu, limekaa tu kwenye pini zake, ukilinyanyua linatoka. Wakanyanyua bawa la kwanza, wakaweka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. La pili, wakaweka. Anajivuta, anatukatia jicho, anasubiri aitwe. Kuku wa kulikombolea alishashikwa jikoni, nilikuwa namsikia anapiga kelele.

Ndipo mwanao akatoka.

Hamisi tumemzaa sisi, simkani. Lakini amekaa Kibaha tangu ujana, kwenye kazi za kuchomelea, kati ya watu waliotoka kila mkoa, na huko msiba ukiisha watu wanakunja maturubai wanawahi foleni. Yeye akaona wanaume wanapakia mali ya baba yake. Simu mkononi akasema, "Mzee, shusha hilo geti. Huu ni wizi. Napigia polisi sasa hivi."

Hata yule kuku alinyamaza.

Masanja akashusha mikono. Akasema polepole, "Mtani kaniita mwizi. Kwenye msiba wa rafiki yangu."

Sasa wewe niambie, ungefanyaje? Usinung'unike tu huko chini, sema. Nikisema rudisha, nimekubali kwamba ni mwizi. Nikikaa kimya, nimekubali vilevile. Na Hamisi kasimama pale kama nguzo ya umeme, hajui amevunja nini. Nikatoka na eda yangu mpaka mlangoni, nikapaza sauti: "Masanja, nenda nalo! Ni lako. Na huyu mtoto mchukue ukamfunge kwenye zizi, atafundishwa adabu na ndama!" Watu wakacheka. Masanja akacheka nusu. Heshima yako ikapona, na geti lako likaondoka kuelekea Maneromango. Wanasema njia nzima alikuwa anageuka nyuma.

Likakwama huko. Mimi nimelitoa kwa mdomo wangu mbele ya watu wa hitima, siwezi kuliomba. Yeye hawezi kulirudisha bila kukombolewa, atakuwa amejiita mwizi mwenyewe. Wote wawili tuna vichwa vigumu, wote tunajua, na kila mmoja anasubiri mwenzake afe kwa aibu kwanza. Usinicheke. Wewe ulikaa msimu mzima husemi na shemeji yako kwa sababu ya patasi.

Hamisi alipoelewa alichofanya aliona haya, na unajua anavyokuwa akiona haya, hasemi, anachomelea. Akaniletea geti jipya. Bati tupu, la buluu, juu mpaka chini, na vichwa viwili vya simba vimefumbua midomo kama wanang'olewa meno. Akaniambia, "Mama, hili usalama." Nikamshukuru. Ni mwanangu, katoa jasho lake, nifanyeje?

Lakini, Baba Hamisi, naona miguu tu. Geti la bati lina upenyo chini, nikikaa kibarazani naona miguu ya dunia. Nimejifunza watu kwa kandambili. Mtu anabisha hodi naitikia karibu, sijui namkaribisha nani. Imamu alipita nikadhani ni muuza samaki, nikamuuliza bei. Majirani waliacha kusimama kuniamkia, wanaamkiaje bati? Siku nyingine naongea na wale simba. Na jioni jua linafika kwenye bati linaishia hapohapo.

Nikavumilia mpaka msimu wa korosho ukaisha. Hapo kijana wa bodaboda anayeniletea mkaa akaniambia Masanja anahama. Wanawe wameshatangulia na ng'ombe kusini, upande wa Lindi, kutafuta malisho. Visivyobebeka vinauzwa, na wanunuzi wa vyuma chakavu walishafika kwake wakalipiga geti teke kusikia uzito wake.

Nilikuwa nimeshika kinu, nikakaa chini. Vyuma chakavu vya huku vinakokwenda unakujua. Si ulinionyesha yale mabomba ya moshi ya viwanda vya Zegereni tulipokwenda kumwona Hamisi? Yanaingia majembe, vitanda, milango ya magari, vyote vinayeyuka pamoja, vinatoka nondo. Yule fundi wako wa mkono wa kushoto, asiye na jina, ageuke nondo ya choo cha mtu! Nililiona hilo kama naangalia. Usingizi ukanikimbia, hasira ikaja badala yake, na hasira inanifaa zaidi.

Nikampigia Hamisi. Nikamwambia njoo na gari, tunakwenda Maneromango. Akasema, "Mama, wiki hii nina kazi nyingi." Nikamuuliza, kazi gani, simba wamezaa? Akaja. Akaja na kirikuu ya rafiki yake, na mimi nikapanda na jogoo wangu mkubwa miguuni, yule mwekundu anayewapiga watoto. Njia ile haijabadilika tangu ulipokuwa unapeleka majembe kule misheni, mashimo ni yaleyale, yamezeeka tu kama mimi. Tulikwama kwenye mchanga, Hamisi akasukuma, mimi nikashika usukani na jogoo. Nikamwambia njiani, "Ukifika, Masanja atakutukana. Cheka. Ukishindwa kucheka, funga mdomo." Akaniuliza, "Na baba alikuwa anafanyaje?" Hajawahi kuniuliza kitu kama hicho maisha yake yote. Nikamwambia baba yako alikuwa anarudisha tusi.

Tukafika. Baba Hamisi, ungeona. Geti la bwana mkubwa limesimama kwenye zizi la miiba, mabawa mawili yamenyooka, kwenye pini alizozichongea vigogo vya mkongo. Na halina kutu! Mimi niliyelala nalo miaka yote sikuwahi kuliona linang'aa vile. Mkewe akaniambia mzee analipaka samli kila wiki, watoto wanalalamika hawapati. Ndama mmoja alikuwa amebaki, anajikuna shingo kwenye mikunjo, amefumba macho kwa raha.

Masanja alikuwa amekaa kwenye kigoda. Hakuinuka. Alimwangalia Hamisi, akaniangalia mimi, akaangalia lile gari, akasema, "Polisi wamefika?"

Nikasema moyoni, nyamaza, mwanangu, nyamaza. Naye akafungua mdomo. "Tumefika, mtani. Tumekuja kukukamata, lakini pingu zilikuwa za chuma, baba akazifua zikawa kengele za ng'ombe."

Masanja alicheka mpaka kigoda kikaanguka. Akainuka, akamshika Hamisi mabega, akamtikisa kama mtu anayepukuta gunia. "Huyu ni mtoto wa Mzee! Mlikuwa mmemficha wapi?" Hamisi akamwamkia sasa, shikamoo, akainama kabisa, akasema, "Mtani, nisamehe. Sikujua." Masanja akasema, "Marahaba. Kutojua si dhambi, ndiyo maana Wazaramo bado wanaishi." Nikampokonya Hamisi zamu, nikamwambia Masanja yeye kwa kutojua angeshapewa cheti. Jogoo akapokewa. Akasema jogoo amekonda, inaonekana alikaa eda pamoja na mimi. Tukatukanana hivyo, kama zamani, na kila nilipotukana nilikuwa nasubiri sauti yako imalizie.

Geti likawa limekombolewa. Hamisi na kijana wa jirani wakanyanyua bawa la kulia, lile la bibo, wakaliweka kwenye kirikuu, wakalifunga kamba. Wakarudi kwa la pili. Masanja alikuwa amesimama anaangalia zizi lake tupu, mlango umeshaanza kuwa pengo. Ng'ombe wameondoka, wanawe wameondoka, kesho kutwa na yeye. Nikamwangalia. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Nikawaza, huyu akienda Lindi na mimi nikirudi Kisarawe na geti langu, hesabu yetu imefungwa. Hana changu, sina chake. Watu wasiodaiana utani hawana sababu ya kutafutana, na katika dunia hii hakuna mwingine aliyebaki anayeweza kukohoa kikohozi chako.

Nikasema, "Hilo liacheni."

Hamisi akasema, "Mama?" Nikamwambia, umenisikia.

Masanja akaanza, "Mtani, mimi nahama. Nitalibeba mpaka Lindi?" Nikamjibu, "Ulilibeba mpaka hapa nani alikutuma? Libebe." Akauliza nitalikomboa lini. Nikamwambia, "Siku nikifa. Watakupigia simu. Uje nalo, uvae kanga yangu, ushike mwiko wangu, uzunguke uani ukiwagombeza watu wote mmoja mmoja. Wasipolia vya kutosha, wagombeze zaidi. Ukimaliza, rudisha bawa la Mzee mahali pake."

Akatazama chini. Akasema, "Hiyo kazi kubwa, mtani. Nani anaweza kugombeza kama wewe?" Nikamwambia aanze mazoezi. Akasema, "Wabeja," kwa Kisukuma chao, asante, na hakuongeza tusi. Nilipanda gari haraka, vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Sasa unajua. Nimeligawa geti lako. Nusu liko kwako, nusu linakwenda kwenye nyasi za watu. Kama umekasirika, kasirika, lakini limeepuka Zegereni, na aliye nalo ni mtu anayelipaka samli. Wewe mwenyewe ungefanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba ungechukua wiki nzima kufikiri.

Hamisi alirudi Jumamosi na grenda, akakata lile la bati. Mwenyewe, sikumwambia. Simba wamekwenda kufunika banda la kuku, na tangu hapo kuku wanataga kwa woga. Akatundika bawa lako upande wa kulia. Upande wa kushoto ametengeneza la kwake, la vyuma vilivyo wazi, naona njia yote. Kachomelea, ndiyo, usinune, ndicho anachokijua. Lakini mkunjo mmoja alisema ataufua kwa moto. Aliwasha makaa karakana kwako, mimi nikavuta mifuo, mgongo huu unaouma, nikafoka, "Geuza, chuma kinalala!" Mkunjo umetoka mbaya. Umepinda kama mkia wa nguruwe. Bawa la kwake pia ni fupi kuliko la kwako kwa kiganja, hayalingani, watu wanapita wanauliza kama tumeishiwa vyuma. Nawajibu pitieni getini muulize vizuri. Wanapita. Wanakaa. Jana nilichambua mchicha na watu watatu.

Leo asubuhi nilimkuta Hamisi, kabla hajarudi Kibaha, amesimama getini anapitisha kidole chake kwenye bawa lako, kisha kwenye la kwake, kisha kwenye lako. Nilirudi ndani nikaweka chai. Alivyoingia akaniomba funguo ya karakana akae nayo yeye. Nimempa.

Basi, mume wangu, hayo ndiyo yangu. Mwenyezi Mungu akupanulie ulipolala, akuondolee na hicho kikohozi. Ahadi ninayokupa ni hii: mifuo nitavuta mpaka mkunjo wa mwanao ufanane na mkunjo, na sitamwambia ni mzuri kabla haujawa mzuri. Hiyo siwezi kuifanya nikiwa huko kwako. Kwa hiyo usinitumie mtu wa kuniita. Nimempa Masanja ahadi ya siku yangu, lakini sikumwambia ni lini, na wewe usimwambie.

Mkeo asiyekuwa na haraka,
Mama Hamisi
Kisarawe